Kuhama fani mwaka wa kwanza: What-If ya Degree Works ni mhasibu, si mpanga ratiba

Mwanafunzi aliyeanza chuo Marekani kwa biolojia, kisha kufika Novemba akakata shauri kuhamia sayansi ya kompyuta, ana maswali mawili. Kozi zilizokwisha kusomwa zitahesabiwa wapi? Na muhula ujao zibebwe kozi ngapi, zipi? Vyuo vingi vya huko vinampa chombo kimoja cha kuangalia yote hayo: Degree Works ya kampuni ya Ellucian, hasa sehemu yake iitwayo What-If. Swali la kwanza inalijibu kwa dakika mbili, na kwa usahihi mzuri. La pili hailijibu kabisa. Tatizo ni kwamba ukurasa wake unakufanya udhani imelijibu, na hapo ndipo watu wanajitwisha mzigo wasioweza kuubeba.

Kazi ya Degree Works ni ukaguzi wa shahada. Inachukua rekodi yako kutoka kwa msajili, inailinganisha na masharti ya shahada kama yalivyo kwenye prospektasi, halafu inatoa ukurasa mmoja mrefu wa lililotimia, linaloendelea na lililobaki. Mwanafunzi anaingia kupitia tovuti ya chuo chake. Masharti huingizwa na chuo chenyewe, kwa hiyo ubora wa majibu unategemea sana aliyekaa ofisi ya msajili akayaandika. Chombo hicho hicho kinaweza kuwa wembe chuo hiki na kisu butu chuo cha jirani. Tathmini hii inahusu jinsi kinavyofanya kazi kwa kawaida. Majina ya baadhi ya vitufe na sehemu hutofautiana.

Kuiendesha ni rahisi. Ukiwa kwenye Worksheets, yaani ukurasa wa ukaguzi, What-If iko kando ya ukaguzi wa kawaida. Unachagua shahada, mwaka wa prospektasi, fani, na inapobidi mchepuo au fani ndogo, kisha unabonyeza Process. Papo hapo kozi zako zote zinapangwa upya kana kwamba ulikuwa fani hiyo tangu siku ya kwanza. Hakuna kinachobadilika kwenye rekodi yako halisi. Unaweza kujaribu fani kumi usiku mmoja na asubuhi bado ni mwanafunzi wa biolojia.

Mitego miwili iko kwenye hatua hii ndogo. Wa kwanza ni mwaka wa prospektasi. Vyuo vingi vinamfungia mwanafunzi kwenye masharti ya mwaka alioanza kwa kozi za elimu ya jumla (zile za lazima kwa wanafunzi wa fani zote), lakini fani mpya huweza kuhesabiwa kwa masharti ya mwaka anaohamia. Ukichagua mwaka usio wako unapata orodha safi, yenye mpangilio mzuri, na isiyokuhusu. Jaribu miaka yote miwili, linganisha, kisha uliza ofisi ya fani mpya ni upi unaotumika kwa wanaohamia katikati ya mwaka.

Mtego wa pili ni visanduku vya kozi zinazoendelea na kozi ulizojisajili mapema. Vikiwa vimewekwa alama, mfumo unazihesabu kozi hizo kana kwamba zitakwisha salama. Unaona duara la buluu lililojaa nusu, sharti linaonekana kama limeshikwa, na roho inatulia. Lakini fani nyingi za sayansi na uhandisi zinadai angalau C kwenye kozi za msingi, na duara la buluu halijui kama mtihani wa mwisho utakupa C au D. Endesha ukaguzi mara mbili, visanduku vikiwa na alama na vikiwa havina. Tofauti kati ya kurasa hizo mbili ndiyo hatari uliyoibeba muhula huu.

Sasa tuusome ukurasa wenyewe kwa mfano. Tuseme muhula wa vuli ulikuwa hivi: biolojia ya utangulizi pamoja na maabara, krediti 4, kemia ya utangulizi pamoja na maabara, 4, uandishi, 3, hesabu za awali kabla ya kalkulasi, 4. Jumla 15. Shahada ni ya krediti 120, na chuo kimezigawa 40 za elimu ya jumla, 50 za fani na 30 za hiari. Ukibonyeza Process kwa sayansi ya kompyuta, uandishi unakwenda moja kwa moja kwenye elimu ya jumla. Biolojia inajaza sharti la sayansi asilia yenye maabara. Kemia huenda ikajaza sharti la pili la sayansi, au ikadondokea kwenye hiari. Hesabu za awali zinadondokea hiari bila mjadala, kwa sababu fani ya kompyuta huanza kuhesabu kutoka kalkulasi kwenda juu.

Kwa hiyo jibu la swali linalowanyima watu usingizi, "nimepoteza krediti ngapi?", mara nyingi ni sifuri. Anayehama baada ya muhula mmoja huwa hajapoteza krediti. Ametumia nafasi za hiari. Kwenye mfano huu ametumia 4 au 8 kati ya 30. Hilo ni jambo la kujua, si la kulia nalo. Hasara ya kweli huanza pale sehemu ya hiari inapojaa, au fani mpya isipokuwa nayo. Baadhi ya shahada za uhandisi zina krediti za hiari chache mno au hazina kabisa. Hapo kozi zinaanguka chini kabisa ya ukurasa, kwenye sehemu inayoitwa Fallthrough au jina lingine ambalo chuo kimeipa. Zimo kwenye rekodi, alama zake zimo kwenye GPA (wastani wa alama), ila hazilipii sharti lolote. Anza kusoma kutoka huko chini. Wengi husoma kutoka juu, wanafurahishwa na alama za tiki, na hawafiki mwisho.

Jihadhari pia na ile asilimia kubwa inayokaa juu ya ukurasa. Asilimia ya masharti huhesabu visanduku, sio uzito wake. Sharti la kozi moja ya krediti 3 na sharti la mradi mzima wa mwaka wa nne vinaweza kuwa kisanduku kimojakimoja. Ukihama fani na kuona umeshuka kutoka asilimia 18 hadi 14, hujarudi nyuma kwa kiwango hicho. Na ukipanda, hujasonga mbele pia. Ipuuze.

Alama nyingine inayochanganya wageni ni @. Ukiona MATH 2@, maana yake kozi yoyote ya hesabu yenye namba inayoanza na 2. Nukta mbili zilizopangana kati ya namba mbili zinamaanisha kuanzia hapa hadi pale. Ukibofya jina la kozi, dirisha linafunguka lenye maelezo yake na kozi tangulizi zake. Likumbuke dirisha hilo dogo, maana utalihitaji punde.

Kitu kizuri kuliko vyote ndani ya What-If ni uwezo wa kuongeza kozi ambazo bado hujazisoma. Unaandika msimbo wa somo na namba ya kozi, unabonyeza Add, unaongeza nyingine, kisha Process. Ukaguzi unakuonyesha kila kozi itaangukia wapi kabla hujaisajili. Kwa mwanafunzi ambaye bado hajaamua, hii ndiyo njia bora ya kuchagua kozi za muhula wa machipuko. Andika kozi nane unazozifikiria. Ziendeshe kwanza chini ya fani ya zamani, halafu chini ya fani mpya. Iliyoangukia kwenye sharti la kweli pande zote mbili, hiyo ni ya kwanza kusajiliwa. Iliyofaa fani mpya tu, ya pili. Iliyoangukia hiari pande zote, iache mpaka uamuzi uwe umekwisha. Mara nyingi zinazoshinda ni kalkulasi ya kwanza, takwimu, uandishi wa pili na kozi moja ya sayansi ya jamii. Unapata muhula kamili ambao hautakuwa bure hata ukibadili mawazo tena Aprili. Kwa kazi hii peke yake chombo kinastahili nyota tano kati ya tano.

Kwenye mzigo, mambo ni mengine kabisa.

What-If inakuambia deni. Haikuambii ratiba ya kulipa. Inaorodhesha kozi kumi na mbili zilizobaki za fani kana kwamba zote ziko kwenye rafu moja na unaweza kuchukua yoyote. Ukaguzi wenyewe haupimi kozi tangulizi. Mfumo wa usajili ndio utakaokuzuia, na utakuzuia Januari wakati nafasi nyingine zimeshajaa. Wala haukuambii kwamba kozi fulani inafundishwa muhula wa vuli tu.

Hapa ndipo lile dirisha dogo la kozi tangulizi linapofaa. Chukua karatasi. Anza na kozi ya mwisho ya fani, mara nyingi mradi wa mwaka wa nne. Ibofye, andika kinachotangulia. Kibofye hicho nacho, andika kinachotangulia. Rudi nyuma hivyo hivyo mpaka ufike kwenye kozi unayoweza kuisajili leo. Kisha hesabu pingili za mnyororo. Kwa sayansi ya kompyuta mnyororo wa kawaida ni utangulizi wa kuprogramu, kuprogramu hatua ya pili, miundo ya data, algoriti au mifumo, mifumo ya uendeshaji, kisha mradi. Anayeanza kuprogramu muhula wake wa pili anafika miundo ya data muhula wa nne, mifumo ya uendeshaji wa sita, na mradi wa saba. Anabakiwa na muhula mmoja wa akiba. Si mbaya hata kidogo, na ndiyo maana kuhamia kompyuta baada ya muhula mmoja si janga linalosemwa.

Linganisha na uhandisi mitambo. Aliyesoma hesabu za awali vuli anaanza kalkulasi ya kwanza muhula wa pili, ya pili muhula wa tatu, na ya tatu au milinganyo ya tofauti muhula wa nne. Fizikia ya kwanza inangoja kalkulasi ya kwanza, basi ni muhula wa tatu. Statiki inangoja fizikia: wa nne. Dainamiki: wa tano. Mekanika ya vimiminika: wa sita. Uhamishaji wa joto: wa saba, sambamba na nusu ya kwanza ya mradi. Akiba ni sifuri. Kozi moja ikifundishwa vuli tu na wewe ukaikosa vuli hiyo, umeongeza mwaka mzima na si muhula mmoja. Kurasa za What-If za fani hizi mbili zinaweza kufanana kabisa kwa idadi ya visanduku vyekundu, yaani masharti yasiyotimia. Karatasi ndiyo itakayokuonyesha kwamba moja ina upenyo na nyingine imebana.

Mnyororo mrefu kuliko yote ndio unaoamua ni kozi zipi haziwezi kuachwa muhula ujao. Kwa kawaida ni mbili tu: ya hesabu, na ya utangulizi wa fani. Nyingine zote ni za kujazia krediti, na wingi wake ni juu yako. Wengi hugeuza jambo hili kichwa chini: wanaona orodha ndefu, wanaingiwa na hofu ya kuchelewa, wanasajili krediti 18 ili "kufidia". Lakini mnyororo haufupishwi kwa kuongeza kozi pembeni yake. Ukichukua kozi tatu za ziada ambazo haziko kwenye mnyororo, utamaliza muhula ule ule, ila ukiwa umechoka zaidi.

Hesabu ya saa inasaidia. Kwa kipimo cha Marekani, krediti moja ni saa moja ya darasani na angalau mbili za kusoma nje, kila wiki, kwa takriban wiki 15. Krediti 15 ni saa 45 kwa wiki. Krediti 18 ni saa 54. Na kipimo hicho kinadanganya upande wa maabara: krediti moja ya maabara huweza kula saa tatu za kusimama mezani, na ripoti ya kuandika baadaye. Degree Works inaonyesha namba ya krediti tu. Kwake krediti 4 za fizikia na maabara, na krediti 4 za lugha uliyoizungumza tangu utotoni, ni kitu kimoja.

Tazama mihula miwili ya mwanafunzi yule wa biolojia. Wa kwanza: kalkulasi ya kwanza 4, kuprogramu 4, uandishi wa pili 3, sayansi ya jamii 3. Jumla 14. Wa pili: kalkulasi 4, kuprogramu 4, fizikia na maabara 4, hesabu za diskriti 3, uandishi 3. Jumla 18. Mnyororo wa kompyuta unasogea hatua ile ile kwa yote miwili. Lakini ule wa pili una kozi nne zenye mazoezi ya kukabidhi kila wiki, na mitihani ya katikati yake huelekea kugongana ndani ya wiki moja au mbili. Kuprogramu ndiko huumia kwanza, maana programu isiyofanya kazi haikadiriki muda. Inaweza kukula dakika ishirini au usiku kucha kwa sababu ya mabano moja yaliyosahaulika.

Kipimo kinachofaa kwa muhula wa kwanza baada ya kuhama: kozi zisizozidi mbili za mazoezi ya kila wiki, maabara isiyozidi moja, moja ya kuandika sana, na iliyobaki iwe nyepesi. Hapo unapata krediti 13 hadi 15. Anayetaka kumaliza kwa mihula minane anahitaji wastani wa 15, kwa kuwa 120 gawanya kwa 8 ni 15. Ukibaki kwenye 12, idadi ya chini ya mwanafunzi wa muda wote, mihula minane inakupa 96, na pengo la 24 ni mwaka mwingine. Hivyo 12 si mahali pa kuishi, ila kwa muhula mmoja mgumu ni mahali halali pa kupumulia. Krediti moja au mbili zilizopungua zinarudishwa kiangazi.

Kuhusu kiangazi kwenyewe, piga hesabu kabla ya kushangilia. Kozi ya krediti 4 iliyobanwa ndani ya wiki 8 inabeba kazi ile ile ya saa 180, yaani saa 22 na nusu kila wiki kwa kozi moja. Kalkulasi ya pili kiangazi inaokoa mnyororo kweli, lakini isifuatane na kazi ya siku nzima. Ukiisomea chuo cha jamii (community college) cha karibu, pata kwanza uthibitisho kwa maandishi kwamba chuo chako kinaitambua kama kozi ipi hasa. Isipotambuliwa kwa namba kamili huingia kama krediti za jumla za hesabu, zikaanguka hiari, na mnyororo ukabaki pale pale.

Kuna upande wa pesa ambao What-If haiusemi. Msaada wa serikali kuu, ukiwemo ruzuku ya Pell kwa wenye kipato kidogo, huhesabu kozi zinazoingia kwenye programu uliyosajiliwa tu. Tuseme umesajili krediti 15, umewasilisha fomu ya kuhama kabla muhula haujaanza, na kozi moja ya krediti 4 ya fani ya zamani imeanguka Fallthrough. Kwa msaada wewe sasa una 11. Kwa Pell 11 ni asilimia 92 ya mzigo kamili badala ya 100, na misaada mingine inayodai muda wote huweza kukosekana. Sehemu ya hiari yenye nafasi inakukinga, maana kozi iliyoangukia humo inahesabika. Basi kabla ya kuwasilisha fomu, endesha What-If ukiwa na kozi zote za muhula huo, shuka chini, ona kama kuna kilichoanguka. Kikiwepo, nenda ofisi ya misaada kabla ya kwenda popote pengine.

Halafu kuna kipimo cha maendeleo kinachohusu kila anayepokea msaada huo. Krediti ulizojaribu hazipaswi kuvuka asilimia 150 ya urefu wa programu, yaani 180 kwa shahada ya 120, na ndiyo sababu vyuo vingi hudai ufaulu kama asilimia 67 ya zilizojaribiwa. Kozi uliyoiacha ikawa W (alama ya kujitoa) inahesabiwa kama imejaribiwa. Rudi kwa yule wa krediti 18: vuli alifaulu zote 15, machipuko akafaulu kalkulasi na uandishi, 7 tu, akaacha fizikia na diskriti, akaanguka kuprogramu. Amefaulu 22 kati ya 33, asilimia 66.7. Chuo kinachodai 67 kitamwandikia barua. Ukiona mambo yanakwenda mrama, wiki ya kuongeza na kuacha kozi ndiyo pa kushuka: kozi iliyoachwa humo haiachi W.

Wenye viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, hawapati msaada huo lakini wana kamba yao. Krediti 12 kila muhula wa kawaida ni sharti la hadhi yao, na katika hizo kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi krediti 3, ndiyo inayohesabika. Kushuka chini ya 12 lazima kuidhinishwe kwanza na DSO, afisa wa wanafunzi wa kimataifa. Kibali cha kutafuta baada ya kuacha kozi si kibali. Kinachotolewa kwa ugumu wa masomo bado kinadai angalau krediti 6. Na fani imeandikwa kwenye I-20, hati ya chuo inayothibitisha hadhi yao, kwa hiyo ikibadilika, DSO lazima airekebishe kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni. Kwao krediti 12 kamili ni mzigo wa hatari kuliko 14, kwa sababu kozi moja ikiharibika hakuna pa kurudi nyuma. Degree Works haijui chochote kuhusu viza.

Makosa mengine hutokana na data. Vyuo vingi husasisha taarifa usiku, hivyo alama iliyoingia asubuhi huenda isionekane mpaka kesho yake. Matokeo ya AP (mitihani ya kiwango cha chuo inayofanywa sekondari) na krediti zilizohamishwa zisipokuwa zimeingizwa, ukaguzi utakudai kalkulasi ambayo tayari unayo. Na msamaha au ubadilishaji wa kozi uliopewa kwenye fani ya zamani haukufuati. Ndani ya mfumo kuna aina tano za marekebisho hayo: kulazimisha sharti lihesabiwe limetimia, kubadili kozi moja kwa nyingine, kuruhusu kozi ya ziada, kuielekeza kozi mahali fulani, na kuondoa kozi au kubadili kikomo. Kila moja imefungwa kwenye sharti lake. Sharti la fani mpya likifanana na la zamani kwa jina, bado utauona mwekundu, na utahitaji kuomba upya.

Vikokotoo vya GPA vilivyomo vinatosha kazi. Fani zenye ushindani huweka GPA ya kuingilia, na kuhama hakufuti alama za zamani. Mwenye 2.4 kwa krediti 15 akitakiwa 2.8 anahitaji 3.2 kwenye 15 zinazofuata. Sababu nyingine ya kutobeba 18.

Planner, sehemu nyingine ya Degree Works, pale chuo kilipoiwasha, inakuruhusu kupanga kozi muhula kwa muhula, na baadhi ya vyuo hutoa vielelezo vya miaka minne. Tatizo la vielelezo hivyo ni kwamba vimeandikwa kwa aliyeanza fani siku ya kwanza akiwa tayari kwa kalkulasi. Anayehama akikinakili bila kukisogeza anajikuta muhula wa tatu kwenye kozi ambazo tangulizi zake hana. Kama njia ya kupanga mzigo, sehemu hii na What-If kwa pamoja zinapata nyota mbili.

Mwisho kuna jambo dogo. Mara nyingi matokeo ya What-If hayabaki ukiondoka kwenye ukurasa, wala si hati rasmi; neno la mwisho ni la msajili. Yahifadhi kama PDF palepale, jina la faili likiwa na fani, mwaka wa prospektasi na tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Unapokwenda kwa mshauri wa fani mpya, mpe PDF hiyo pamoja na ile karatasi ya mnyororo, kisha umwombe azungushie kwa kalamu kozi ambazo hazifundishwi mihula yote miwili.